Keke Kwanza, Bunduki Baadaye

Nenda Nungwi, kaskazini ya Unguja, ukae kivulini umtazame fundi wa majahazi. Hapigi msumari kwenye mbao ngumu kabla ya kupitisha keke. Uta unakwenda mbele na nyuma, unga wa mbao unamwagika tunduni, kisha anauzungushia msumari uzi wa pamba wenye mafuta chini ya kichwa, ndipo anashika nyundo. Huikumbuka kazi hiyo kila ninapoitwa kukagua sakafu za mbao za nje, zile za mabaraza ya hoteli za ufukweni na kando ya mabwawa ya kuogelea, kwa sababu siku hizi nyingi zinapigwa kwa bunduki ya misumari.

Bunduki hiyo hutumia upepo wa kompresa. Pistoni inaupiga msumari pigo moja, ukazama wote kufumba na kufumbua. Kwenye mbao laini, kama msonobari wa Sao Hill, nyuzi za mbao husogea kuupisha msumari, kisha huubana. Mihimili ya chini ukiipiga hivyo, sina neno.

Mvule, mninga na mkongo ni habari nyingine. Nyuzi zake zimeshikamana, hazina pa kusogea, na msumari wa bunduki ni mwembamba. Ukikutana na fundo unapinda na kushika njia yake wenyewe. Nimewahi kuona ncha imetokea ubavuni mwa mbao ya mkongo, vidole viwili tu kutoka kwenye gumba la kijana aliyekuwa ameishika. Karibu na mwisho wa mbao, msumari huohuo hupasua. Upepo ukiwa mdogo, kichwa kinabaki juu kikisubiri unyayo wa mtu. Ukiuongeza kupita kiasi, kichwa kinazama mno na kuacha kishimo cha kutuamisha maji.

Hata msumari ulioingia sawasawa una mtihani mbele yake. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, si kwa urefu. Ubao wa milimita 140 unaweza kuongezeka milimita moja au mbili wakati wa masika, kisha ukarudi kiangazi. Msumari laini unashikiliwa na msuguano peke yake, na kila msimu unalegezwa kidogo. Sakafu moja niliyoikagua upande wa mashariki wa Unguja ilikuwa na mwaka mmoja tu, na tayari vichwa vilikuwa vimechomoza safu nzima, kila kimoja na mchirizi mweusi chini yake. Weusi ule haukuwa uchafu. Mbao ngumu nyingi zina tanini, na tanini ikikutana na chuma kwenye unyevu hutoa rangi nyeusi kama wino. Mwenye hoteli alipiga msasa mara mbili, weusi ukarudi, kwa kuwa misumari ilikuwa ya chuma kilichopakwa zinki nyembamba, na chumvi ya bahari ilikwisha kuila.

Kwa hiyo shauri langu ni skrubu za stenlesi, daraja la 316 kwa jengo lililo karibu na bahari, na tundu litobolewe kwanza kwa drili, jembamba kidogo kuliko skrubu. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya ubao na ubao. Ndiyo, kazi itachukua muda mrefu zaidi. Lakini ubao ukiharibika utafungua skrubu mbili ubadilishe. Wa misumari utaung'oa kwa mtaimbo na kuuvunja pamoja na jirani yake.

Kama bajeti imekubana na bunduki ndiyo iliyopo, tumia misumari ya stenlesi yenye pete shinani, maana pete hizo hung'ang'ania nyuzi. Chagua bunduki ya kifyatulio cha hatua kwa hatua, ambayo haipigi mpaka pua iguse mbao kwanza ndipo kidole kivute. Ile inayopiga kila pua inapogusa, kidole kikiwa kimeshavuta, ni ya hatari zaidi. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2011 na taasisi za OSHA na NIOSH ulisema watu wapatao 37,000 kwa mwaka walikuwa wakifikishwa hospitali nchini humo kwa majeraha ya bunduki za misumari, na kwamba kifyatulio cha aina hiyo huongeza hatari maradufu. Miwani ya kinga ni lazima, na mkono wa pili ukae mbali na pua.

Kabla hujatoa malipo ya kwanza, mwombe fundi apige misumari mitatu kwenye kipande cha mbao ileile utakayotandika, mmoja karibu kabisa na mwisho wake. Kipande kikipasuka au msumari ukipinda, mwambie aiweke bunduki chini, achukue drili.