Masharti ya Viongozi Yabadilishwe na Nani?

Ndugu msikilizaji, mwenye ng'ombe hapa Ihumwa akimwajiri mchungaji, masharti ya kazi huyaweka yeye mwenye mali. Ndiye apangaye saa ya kutoka na saa ya kurudi, ujira wa mwezi, na nani atamlipa ndama akipotea. Mchungaji aweza kuomba masharti yalegezwe. Lakini hawezi kuyalegeza mwenyewe huko malishoni, kisha jioni akaja kumpa tajiri wake habari tu.

Jirani yetu hapa, pale Mtumba, ndipo ulipojengwa Mji wa Serikali uliozinduliwa Aprili 2019. Tunawaona viongozi wakipita barabara ya Morogoro kwenda ofisini. Leo nataka tujiulize: masharti ya kazi yao yameandikwa wapi, na nani mwenye uwezo wa kuyabadili?

Mengi yamo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 8 inatamka kwamba Serikali hupata madaraka yake kwa wananchi. Ibara ya 40 inamzuia mtu kuchaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili. Ibara ya 132 inaweka Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambako viongozi hutakiwa kutoa maelezo ya mapato, mali na madeni yao.

Sasa fungua Ibara ya 98, inayoeleza jinsi ya kuibadili Katiba hiyo. Mabadiliko hupita yakiungwa mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote. Kwa mambo machache makubwa, hasa ya Muungano, hutakiwa theluthi mbili ya Wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar. Basi. Katika safari yote hiyo, mwananchi wa Ihumwa haulizwi.

Hili si jambo la nadharia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 miiko hiyo ililegezwa na Halmashauri Kuu ya chama tawala huko Zanzibar. Huenda sababu zilikuwepo, maana hali ya uchumi ilikuwa imebadilika. Lakini waliofungwa na kamba ndio walioifungua, na mwananchi aliambiwa baadaye. Kesi ya nyani hiyo, hakimu ngedere.

Je, iko njia nyingine? Iko, na hatuna haja ya kuitafuta mbali. Zanzibar ina Katiba yake ya mwaka 1984. Baada ya chaguzi zilizojaa uhasama, na baada ya watu kuuawa Januari 2001, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Novemba 2009 na kuanza maridhiano. Ilipofika zamu ya kubadili muundo wa uongozi, wananchi waliulizwa kwanza. Tarehe 31 Julai 2010 walipiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema Ndiyo. Mwezi uliofuata Baraza la Wawakilishi likabadili Katiba. Cheo cha Waziri Kiongozi kikafutwa, wakawekwa Makamu wawili wa Rais, wa kwanza akitoka chama kilichoshika nafasi ya pili.

Na Bara? Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza Mbunge awe na kikomo cha vipindi vitatu, na wapiga kura waweze kumwondoa kabla ya muda wake. Bunge Maalum, ambalo Wabunge wote walikuwa wajumbe wake, liliyaondoa hayo, kisha Oktoba 2014, hapa hapa Dodoma, likapitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015. Iliahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika, na haikupigwa tena katika miaka iliyofuata.

Wapo wanaosema kura ya maoni ni gharama, na kwamba haiwezekani nchi nzima ipange foleni kwa kila kifungu. Ni kweli. Wenzetu wa Kenya wamelijibu hilo katika Katiba yao ya mwaka 2010: mambo ya kawaida humalizwa na Bunge, lakini mazito, kama muda wa Rais kukaa madarakani na uhuru wa mahakama, lazima yarudi kwa wananchi.

Wala tusidhani kura peke yake ni dawa. Mwaka 2016 chama cha upinzani kilisusia uchaguzi wa marudio Zanzibar, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu hadi Desemba 2020. Tena kura ya maoni hujibiwa kwa Ndiyo au Hapana tu. Asiyeisoma hoja hupiga kura gizani.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, siku kalamu itakapotua tena juu ya Katiba, tudai mambo mawili. La kwanza, vifungu vinavyowabana viongozi visiguswe bila ridhaa yetu. La pili, tupewe maandishi mapema, kwa Kiswahili chepesi, na muda wa kuyasoma. Mwenye ng'ombe asiyejua masharti aliyoyaweka hana la kumwuliza mchungaji.