Gitaa Lisilosikia Sauti

Chomoa waya wa gitaa la umeme kwenye amplifaya, kisha ulicharaze. Aliyekaa upande wa pili wa meza atasikia mlio mwembamba tu, kama wa mpira uliovutwa, kwa sababu ubao ule mzito hauna tumbo la kukuza sauti. Sasa rudisha waya, ziba nyuzi kwa kiganja, uliimbie gitaa kwa nguvu zako zote. Spika itabaki kimya. Pikapu, yaani kile kidude kilichokaa chini ya nyuzi, haisikii sauti. Inachokitambua ni chuma kinachotikisika.

Ndani yake mna sumaku na waya wa shaba, mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukicheza juu yake unaivuruga nguvu ya sumaku, na waya unazaa umeme mdogo sana unaopanda na kushuka kwa mwendo uleule wa uzi. Uzi wa tano unatikisika mara 110 kwa sekunde, na umeme nao unayumba mara 110. Ukifunga nyuzi za nailoni hupati kitu. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha London mwaka 1831, lakini ilipita karne nzima kabla George Beauchamp, kule California, hajaitia kwenye gitaa mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Niliyajua haya nikiwa nimeshazipenda santuri za magitaa kwa miaka mingi, na yamenibadilisha masikio. Kila rekodi ninayoirudia naona imezaliwa na upungufu fulani, wa chombo au wa mkono, ambao mpigaji hakuuficha.

Nilipokuwa mdogo, jazz kwangu ilikuwa Morogoro Jazz na Western Jazz. Neno hilo katika majina ya bendi zetu lilimaanisha muziki wa dansi, na dansi lilimaanisha magitaa. Kwa hiyo niliposikia jazz ya Wamarekani kwa mara ya kwanza, nilikaa kungoja solo la gitaa, yakaja matarumbeta. Baadaye nikaelewa sababu. Katika bendi zao kubwa za miaka ya 1930 gitaa lilikuwa linamezwa. Saksafoni na matarumbeta yakipulizwa pamoja, mpiga gitaa alibaki kutunza mwendo, akihisiwa zaidi ya kusikika.

Ndipo akatokea Charlie Christian, kijana aliyekulia Oklahoma City, na gitaa la Gibson ES-150 lililoanza kuuzwa mwaka 1936. Mwaka 1939 alijiunga na bendi ya Benny Goodman. Sikiliza “Solo Flight”, iliyorekodiwa Machi 1941: bendi nzima imesimama nyuma yake, naye anapiga noti mojamoja, ndefu na za duara, kama mpuliza saksafoni asiyehitaji kuvuta pumzi. Hana haraka, wala hapigi kelele. Kifua kikuu kilimwua Machi 1942 akiwa na miaka 25, na kila nikiisikia rekodi ile nashindwa kuisahau hesabu hiyo: ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu.

Santuri zake zilimfikia Wes Montgomery wa Indianapolis, ambaye hakujua kusoma noti na alijifunza kwa kumfuatisha Christian kwa sikio tu. Mchana alikuwa kibarua, usiku ndio wa gitaa. Kile kibao kidogo cha kukwanyulia nyuzi kilikuwa na makali yaliyowasumbua watu waliotaka kulala, basi akakiweka kando akatumia kidole gumba. Nyama ya kidole haina ncha. Inausukuma uzi badala ya kuukwaruza, na ule mlio mkali wa mwanzo wa noti unapotea, kinabaki kitu cha joto. Katika albamu aliyorekodi Januari 1960, “The Incredible Jazz Guitar of Wes Montgomery”, kuna mahali anapopiga noti moja kwa sauti mbili zilizoachana oktava, ya juu ikitikisika maradufu ya ile ya chini, na kidole ni hichohicho kimoja. Nimewahi kujaribu. Gumba langu lilichoka kabla wimbo haujafika nusu.

Kwa B.B. King upungufu ulikuwa mkononi. Binamu yake, Bukka White, alipiga blues kwa kuteleza na kitu kigumu juu ya nyuzi, na King alishindwa kabisa kuuiga mtindo huo. Akaanza kuutikisa mkono wa kushoto palepale kidole kilipoukandamiza uzi, ili angalau noti ilie kama ya binamu. Mtikisiko ule ndio ukawa saini yake. Pia alikuwa akisema hawezi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Sikiliza “Live at the Regal”, iliyorekodiwa Chicago mnamo Novemba 1964: anaimba mstari, ananyamaza, gitaa linamjibu. Watazamaji, hasa wanawake, wanamjibu pia, na kwangu mimi hiyo ndiyo rekodi bora ya blues kuliko zote, kwa sababu waitikiaji wake wamo ndani ya ukumbi.

Chombo kilichoharibika kilizaa rock. Machi 1951 bendi ya Ike Turner ilifika studio ya Sam Phillips mjini Memphis ikiwa na amplifaya iliyoumia njiani. Phillips akashindilia karatasi ndani ya spika, wakarekodi “Rocket 88” na ule mkwaruzo wake. Mwaka 1958 Link Wray alikwenda mbali zaidi, akatoboa spika zake kwa penseli kwa ajili ya “Rumble”. Wimbo huo hauna neno hata moja, lakini baadhi ya vituo vya redio vya Marekani vilikataa kuupiga kwa kuhofia utachochea vurugu.

Sababu ya mkwaruzo huo ni nyepesi. Amplifaya inapozidiwa, vilele vya wimbi la sauti hukatwa, na wimbi lililokatwa huzaa mawimbi mengine juu yake. Uzi ule wa mara 110 sasa unatoa 220, 330, 440 na kuendelea kwa nguvu isiyokuwapo. Sikio linasikia umati mahali palipokuwa na mtu mmoja.

Jimi Hendrix aliuongoza umati huo. Asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, kwenye tamasha la Woodstock, wengi wakiwa wameshaondoka, aliupiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa la mkono wa kulia alilolipindua kwa kuwa alitumia kushoto. Aliongeza sauti hadi spika zikaanza kuzitikisa nyuzi, nyuzi zikatikisa umeme, umeme ukarudi kwenye spika. Mzunguko huo ndio ule mlio ambao kila fundi wa mitambo hukimbilia kuuzima. Yeye aliushika, akaupandisha na kuushusha mpaka ukawa ndege za vita na mabomu yanayodondoka, wakati vita vya Vietnam vikiendelea. Alikuwa amewahi kuwa askari wa miavuli.

Septemba 1974, B.B. King alipanda jukwaani Kinshasa, kwenye tamasha lililotangulia pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman. Franco, mpiga gitaa wa nchi hiyo, naye alipiga katika tamasha hilohilo na T.P. O.K. Jazz. Gitaa la King hulia peke yake, kisha hunyamaza. Kwa Franco magitaa ya solo, mi-solo na rithimu husemezana bila kupokezana kimya, sauti safi kabisa, hakuna spika iliyotobolewa, na yeye anakwanyua nyuzi mbili kwa pamoja hadi watu wainuke vitini. Nikiisikiliza sebene yake baada ya “Live at the Regal”, huwa sirudi tena kwenye santuri ya kwanza siku hiyo.