Seva Moja, Makarani Watano: Tupime Kabla ya Kununua

Wanachama,

Mkulima mwenye busara hapimi sakafu yake ya kuanikia karafuu kwa siku ya mchumo mdogo. Huipima kwa siku ile wachumaji wote wamerudi na magunia yamejaa. Sakafu ikiwa ndogo siku hiyo, karafuu mbichi hukaa rundo, hupata moto, huharibika. Jambo tunalolieleza leo ni la ofisini, lakini hesabu yake ni hiyo hiyo.

Baadhi yenu mmeuliza juu ya kompyuta pepe, kama zaweza kutufaa. Kwanza tuseme ni kitu gani. Mbele ya karani huwapo kioo, kibodi na kisanduku kidogo tu. Kazi yenyewe hufanyika ndani ya kompyuta moja kubwa, iitwayo seva, iliyofungiwa chumbani. Programu maalumu huigawa nguvu ya seva mafungu mafungu, na kila fungu huwa kama kompyuta kamili ya karani mmoja. Kinachopita katika waya ni picha ya kioo na herufi anazogonga. Wazo hili si geni. IBM ya Marekani ilikuwa ikigawa mashine kubwa kwa namna hii katika miaka ya 1960.

Faida yake ni kwamba daftari la wanachama halikai juu ya meza ya mtu. Kisanduku kikiibiwa, hesabu zenu zimebaki salama. Tena, Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba, 2025, na kompyuta nyingi kuukuu hazikubali Windows 11. Hizo zikitiwa Linux, ambayo ni ya bure, zaweza kutumika kama visanduku badala ya kutupwa.

Lakini hatari yake nayo ni dhahiri. Zamani kompyuta moja ikiharibika, karani mmoja alikaa bure. Hapa seva ikizimika, wote wamesimama, na mwanachama aliyeleta karafuu zake mizanini hapati stakabadhi. Ndiyo maana lazima pawe na majaribio kwanza, na yawe madogo: makarani watano, ofisi moja.

Sasa tuje katika vyombo. Windows 11 haikubali kumbukumbu iliyo chini ya gigabaiti 4, na hiyo ni ya kuwashia tu. Kwa kazi, tumhesabie kila karani 8. Watano ni 40. Tuongeze 8 za seva yenyewe, jumla 48. Basi inunuliwe ya 64 ili ibaki nafasi. Kumbukumbu haifai kukopeshana. Prosesa ni mbali: karani mmoja akisoma barua, mwingine hutumia nguvu yake. Kwa watano, prosesa ya viini 8 yatosha kujaribia.

Diski ndipo wengi wanapojikwaa. Asubuhi saa moja na nusu wote huwasha pamoja, na diski za kizamani, zile zinazozunguka, huelemewa. Zitakiwe diski za SSD, mbili za terabaiti moja moja, kila moja ikinakili mwenziwe. Lakini ijulikane kuwa huko si kuweka akiba. Karani akifuta jina la mwanachama kwa makosa, limefutika kote kuwili. Nakala ya akiba ikae katika jengo jingine.

Kwa programu, ipo KVM, iliyoingizwa ndani ya Linux mwaka 2007, nayo ni ya bure. VMware ni maarufu, lakini baada ya kununuliwa na Broadcom mwaka 2023 leseni za kudumu ziliacha kuuzwa. Sasa hulipiwa kwa muda. Asiyejua hayo hudhani amenunua, kumbe amekodi. Windows Server nayo hutolewa kwa majaribio siku 180, lakini ruhusa ya makarani kuingia kutoka mbali bila leseni ni siku 120 tu. Basi kalenda yetu ni ya siku 120, na kabla hazijesha, bei ya leseni zote iwe imekwisha andikwa mezani mwa halmashauri.

Tusisahau umeme. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja, na tena tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika. Hapana betri itakayovumilia giza la namna hiyo. Kazi yake ni kutupa dakika za kuhifadhi kazi na kuifunga seva kwa taratibu. Vivyo hivyo, mlango wa seva usiachwe wazi kwenye intaneti. Karani wa kituo cha mbali apite katika njia iliyofungwa kwa siri.

Majaribio yenyewe yasiwe ya kuonyeshana. Tuchague siku yenye kazi nyingi kupita zote, tuandike karani amengoja muda gani kabla stakabadhi haijatoka. Tukate umeme kwa makusudi. Tuirudishe hesabu ya jana kutoka katika nakala ya akiba. Isiporudi, basi nakala hatuna. Na siku zote 120, vitabu vya stakabadhi za karatasi viendelee kuandikwa.

Ikiwa makarani hawangoji, hesabu za karatasi na za seva zimelingana, na gharama yote imejulikana, hapo ndipo tuongeze vyombo. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari likihamia ndani ya seva, halijaacha kuwa daftari, na wenyewe ni nyinyi wanachama. Mkutanoni ulizeni: imepimwa kwa siku gani?