Springi ngumu si dawa ya bastola kuukuu

HEWA ya chumvi ivumayo kutoka baharini haichagui. Huila mabati ya mapaa Likoni, bodi za magari Changamwe na vyuma vya madirisha Kisauni. Huzila pia springi ndogo zilizofichwa ndani ya bastola ambayo mwenyewe, aliye na leseni, ameifungia kwenye kasha la chuma akiamini kwamba i salama.

Bastola ndogo za zamani, hasa zile zilizotengenezewa majeshi ya Ulaya Mashariki na baadaye kutolewa maghalani na kuuzwa kwa raia katika nchi mbalimbali, huwa zimepita mikononi mwa watu wengi. Springi ndizo huchakaa mapema, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ya sehemu nyinginezo. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wamiliki hudhani kuwa njia ya mkato ya kuiboresha silaha ni kutia springi ngumu kuliko ya awali, au laini zaidi ili kifyatulio kivutike kwa wepesi. Dhana zote mbili zaweza kumgharimu mtu maisha.

Springi tatu, kazi tatu

Ndani ya bastola ya aina hii mna springi kadhaa, lakini tatu ndizo zenye uzito mkubwa.

Ya kwanza ni ile inayoirudisha slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma kila risasi inapofyatuliwa ili kutupa ganda tupu, kisha kikarejea mbele kikiwa na risasi mpya. Ya pili ni ya nyundo, ambayo huipa nyundo nguvu ya kuigonga pini nayo pini ikaipiga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Ya tatu ni ya magazini, inayosukuma risasi juu moja baada ya nyingine.

Mfano mwafaka ni bastola ya Makarov, iliyobuniwa na Nikolai Makarov na kupitishwa rasmi na majeshi ya Muungano wa Kisovieti mwaka 1951. Mtutu wake umekazwa kwenye fremu wala hausogei, na springi ya slaidi imeuzunguka mtutu huo. Silaha hiyo haina kufuli la kuushika mtutu na slaidi pamoja wakati wa mlipuko. Kinachoizuia slaidi isifunguke mapema ni uzito wake yenyewe, pamoja na nguvu ya springi. Mtindo huo ndio unaotumika pia katika bastola ya P-64 ya Poland na katika CZ 82 ya iliyokuwa Chekoslovakia, ambayo kampuni iliyoiunda ndiyo chanzo cha jina "Ceska" lililozoeleka katika taarifa za polisi nchini Kenya.

Hapo ndipo umuhimu wa ulinganifu unapoonekana. Springi ya slaidi ikilegea, slaidi hurudi kwa kishindo na kuigonga fremu, na baada ya muda chuma huweza kupata ufa. Ikiwa ngumu kupita kiasi, risasi dhaifu hushindwa kuirudisha slaidi hadi mwisho. Ganda hukwama na silaha hunyamaza wakati mwenyewe anapoihitaji. Isitoshe, slaidi hurejea mbele kwa kasi ambayo springi kuukuu ya magazini haiwezi kuifuata, na matokeo yake ni slaidi kufunga pasipo kubeba risasi.

Wepesi wenye hatari

Malalamiko makubwa ya wenye bastola ya P-64 ni ugumu wa kifyatulio chake. Nyundo ikiwa imelala, kidole hulazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi ratli 20, yaani zaidi ya kilo 9. Si ajabu basi kwamba wengi hutafuta springi laini ya nyundo.

Hata hivyo, springi hiyo ina kazi mbili. Mbali na kuipa nyundo nguvu, husaidia kuizuia slaidi, kwa kuwa slaidi inaporudi nyuma hulazimika kuisukuma nyundo. Anayeilegeza springi ya nyundo huwa ameipunguzia slaidi breki bila kujua. Aidha, risasi nyingi za kijeshi huwa na fataki ngumu, na nyundo dhaifu huweza kuigonga fataki isiwake. Risasi isiyolia papo hapo si risasi iliyokufa. Huenda ikalipuka baada ya nukta chache, mtu akiwa tayari ameanza kuichunguza. Mtutu unapaswa kubaki umeelekezwa mahali salama kwa muda kabla ya silaha kufunguliwa.

Katika Makarov mambo ni magumu zaidi. Springi yake ya nyundo ni bapa la chuma lililo ndani ya mpini, na bapa hilo moja huhudumia nyundo, kifyatulio na kishikizo cha magazini. Anayelichonga ili kukilainisha kifyatulio aweza kuikuta magazini ikimwangukia miguuni.

Kosa jingine ni kuikata springi kwa koleo ili ipungue nguvu. Springi iliyopunguzwa mizunguko huanza ikiwa dhaifu, lakini kila sentimita inayobanwa huhitaji nguvu zaidi kuliko awali. Kuipasha moto ni vibaya zaidi, kwa maana moto huuondoa ukakamavu ambao kiwanda kiliutia kwenye chuma.

Namna ya kuchagua

Kanuni ya kwanza ni kurejesha kabla ya kuboresha. Springi mpya yenye nguvu ile ile aliyoikusudia mtengenezaji hutatua matatizo mengi ambayo watu huyatafutia tiba za ajabu. Kwa Makarov, kipimo cha kawaida cha springi ya slaidi kinachouzwa ni ratli 17. Springi ya zamani ikiwekwa kando ya mpya ya kipimo hicho na kuonekana fupi waziwazi, imechoka.

Pili, hubadilishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha silaha hujaribiwa katika uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, kwa risasi zile zile ambazo mwenyewe hutumia. Maganda yakitupwa kwa kishindo kikubwa mno, springi huenda ni dhaifu. Yakidondoka karibu au yakikwama, huenda ni ngumu.

Tatu, ni vyema kuelewa kinachoichosha springi. Chuma kizuri hakichoki sana kwa kubanwa tu mahali pamoja, bali kwa kubanwa na kuachiliwa mara nyingi, au kubanwa kupita kiwango chake. Lakini katika Pwani kuna adui wa ziada: kutu. Kitundu kidogo cha kutu kwenye waya ndicho mwanzo wa mkatiko. Springi ya chuma kisichoshika kutu, ikipatikana ya kipimo sahihi, hufaa zaidi. Vinginevyo, ya kawaida ikaguliwe mara kwa mara na kupakwa mafuta mepesi. Mkoba wa ngozi haufai kuwa ghala, kwani hunyonya unyevu.

Sheria inasemaje

Changamwe na Magongo hapakosi mafundi wa jua kali wawezao kukunja springi ya karibu chombo chochote. Bastola haimo katika orodha hiyo. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, anayefanya biashara ya kuunda, kuuza au kukarabati silaha sharti awe amesajiliwa, na mwenye silaha sharti awe na cheti chake. Mnamo Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza wamiliki wote wenye leseni wapigwe msasa upya. Springi basi iagizwe na kutiwa na mfanyabiashara aliyesajiliwa.

Wakazi wa bara ya Mombasa hawahitaji kukumbushwa sababu za ukali huo. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa wa polisi na kutoroka na bunduki. Ghasia zilizofuata ziliua watu wengi na kuwafurusha maelfu makwao, na baadaye zikachunguzwa na Tume ya Akiwumi.

Bastola ya mwenye leseni haina uhusiano na unyama huo. Lakini katika nyumba za Kisauni zinazogusana kuta, risasi iliyotoka kwa bahati mbaya, kwa sababu kifyatulio kililainishwa kupita kiasi, haitambui cheti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe, katika silaha hii, huanza na waya mwembamba wa chuma.