Allnutt wa Kitabuni na Allnut wa Filamuni: Usawiri wa Wahusika katika The African Queen

1.0 Utangulizi

Katika ufundishaji wa fasihi linganishi, suala la mhusika anayehamishwa kutoka kitabuni hadi kwenye filamu hujibiwa mara nyingi kwa kuorodhesha tofauti: hili limepunguzwa, lile limeongezwa. Orodha ya namna hiyo haitoshi. Mhusika wa riwaya huundwa kwa maneno peke yake. Mhusika wa filamu hupewa mwili, umri na sauti ya mtu aliye hai, na mtu huyo huja na mazoea ya hadhira inayomfahamu tangu zamani. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi hali hiyo inavyobadili maana ya mhusika, na jinsi inavyoamua nani ahesabiwe kuwa mhusika. Kazi tunazozichunguza ni The African Queen, riwaya ya C.S. Forester iliyochapishwa mwaka 1935, na filamu yenye jina hilohilo iliyoongozwa na John Huston na kutolewa mwaka 1951.

Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini tunashughulika na kazi ya Kiingereza ilhali ipo Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999), iliyotengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Sababu yetu ni ya kijiografia. Mto unaobeba kisa chote cha Forester unaitwa Ulanga. Msafiri anayetoka Morogoro kwenda Iringa, akifika Mikumi na kukata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara, anaingia katika bonde la mto wenye jina hilo. Kwa hiyo kisa hiki, mtunzi alitaka au hakutaka, kinawahusu wakazi wa Kilosa, Mikumi na Ulanga kuliko kinavyowahusu wasomaji aliowaandikia.

2.0 Mto wa kubuni na meli ya kweli

Ulanga wa Forester si Ulanga tunaoujua. Katika riwaya mto huo huporomoka katika magenge, hubadili jina na kuwa Bora, kisha huingia katika ziwa lililobuniwa na mtunzi. Mto wa kweli, ambao kwa sehemu kubwa huitwa Kilombero, huungana na Luwegu na kuwa Rufiji, kisha humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Lau Rose Sayer na Charlie Allnutt wangaliufuata mto huo, wasingaliliona ziwa lolote. Wangalifika kwenye delta ya Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg iliishia Julai 1915. Yaani meli ya adui ya huko ilizama bila msaada wao.

Meli wanayoikusudia katika riwaya, Königin Luise, huhusishwa na meli ya kweli ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen. Hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafumuliwa na kufungwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam, halafu ikasafirishwa kwa Reli ya Kati kuelekea Kigoma. Reli hiyo hupita Kilosa. Meli ambayo Hollywood iliilipua ilipita kituoni hapo ikiwa vipande vya chuma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba.

3.0 Allnutt, Rose na suala la lugha

Allnutt wa riwaya ni fundi mitambo wa mgodi wa Wabelgiji, mtu mwenye umbo dogo na moyo mwepesi wa kukata tamaa. Umri wake ni kama miaka 30. Anazungumza Kiingereza cha watu wa kazi wa London, kiitwacho Cockney, na Forester anakiandika kwa namna ambayo msomaji hawezi kusahau tabaka la msemaji hata kwa sentensi moja. Rose, dada wa mmisionari, anazungumza Kiingereza sanifu. Kwa hiyo mapenzi yao ni uvukaji wa mpaka wa kitabaka, na mpaka huo umechorwa katika tahajia yenyewe.

Katika filamu nafasi hiyo alipewa Humphrey Bogart, Mmarekani ambaye lafudhi ya London haikumkaa kinywani. Suluhisho lilikuwa kumfanya Allnut kuwa Mkanada (na jina lake kupoteza t moja). Wahakiki wengi hulitaja jambo hili kama kichekesho cha utengenezaji wa filamu, kisha wakapita. Sisi tunaliona kuwa ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Mkanada wa mwaka 1914 ni raia wa himaya ya Uingereza, hivyo sababu yake ya kupigana na Wajerumani haipotei. Kinachopotea ni tabaka. Umbali kati yake na Rose sasa unakuwa wa tabia: pombe, ndevu, nguo chafu. Tabia hurekebishika kwa sabuni na wembe, na filamu inatuonyesha hivyo. Tabaka halirekebishiki kwa wembe.

Mfasiri wa Kiswahili angekumbana na tatizo linalofanana na hilo. Amzungumzishe Allnutt vipi? Kishawishi cha kwanza ni kumpa matamshi ya mtu wa bara anayechanganya r na l, ili wasomaji wacheke. Lakini katika Kiswahili kosa la matamshi humtambulisha msemaji kwa alikotoka, yaani kabila au mkoa, zaidi ya kumtambulisha kwa ufukara wake. Mfasiri huyo angekuwa amefanya lile lililofanywa na filamu: kugeuza suala la tabaka kuwa suala la asili. Kwa maoni yetu, njia iliyo karibu zaidi ni kumpa msamiati na mikato ya maneno ya makuli na mafundi wa karakana za reli, bila kuharibu matamshi yake.

Umri nao umebadilika, na hapa filamu imepata faida. Rose wa riwaya ana miaka 33. Katharine Hepburn alipoigiza alikuwa na miaka 44, naye Bogart 51. Riwaya inasimulia watu wawili ambao ujana wao ulizuiliwa na sasa unafunguliwa. Filamu inasimulia watu ambao ujana umekwisha kuwapita, na kila furaha wanayoipata ina uzito wa kitu kisichotarajiwa tena. Aidha, Hepburn mwenyewe ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1987 kwamba Huston alimshauri amwigize Rose kwa kuliwaza tabasamu la Eleanor Roosevelt alipokuwa akiwatembelea askari waliojeruhiwa. Ushauri huo ulimgeuza Rose. Yule wa kitabuni ana ghadhabu na uchu wa kutawala. Yule wa filamuni ana adabu isiyovunjika hata mashua inaposhuka maporomoko, nasi tunacheka pamoja naye.

Miisho nayo inatofautiana. Katika riwaya mashua inazama kwa dhoruba kabla ya kuigonga meli. Nahodha Mjerumani anawakabidhi mateka wake kwa Waingereza kiungwana, na boti mbili za Kiingereza ndizo zinazoizamisha meli. Ushujaa wa Rose na Allnutt haukuzaa tunda. Rose anapodai ndoa, Allnutt anakubali huku akikumbuka kimoyomoyo kwamba yuko mke aliyemwoa akiwa na miaka 18 na ambaye hakuwahi kumtaliki. Filamu haikuweza kulibeba jambo hilo, maana kanuni za maadili za Hollywood za wakati ule zisingaliliruhusu. Mke anafutwa, nahodha anawafungisha ndoa kabla ya kuwanyonga, na mabaki ya mashua yanailipua meli. Mhusika aliyekuwa mnyonge hadi mwisho amefanywa shujaa na bwana harusi kwa mkupuo mmoja.

4.0 Wasio na majina

Riwaya inaanza baada ya kijiji kukombwa. Jeshi la Kijerumani limechukua mifugo, chakula na watu wote, wanaume wakawe askari au wapagazi. Forester hampi hata mmoja wao jina, na lugha anayoitumia kuwahusu Waafrika ni ya dharau isiyofichika. Hata hivyo, sababu ya kutoweka kwao ameiandika. Filamu inafanya kinyume chake: inatuonyesha nyuso za wanakijiji kanisani, wakiimba ovyo wimbo wasiouelewa na kugombea kipande cha sigara alichokitupa Allnut, kisha vibanda vinachomwa na watu wanaswagwa nje ya picha. Hao tunaowaona si watu wa Ulanga, kwa kuwa sehemu za filamu zilizopigwa Afrika zilipigwa Kongo na Uganda.

Historia ya Kilosa inatusaidia kuipima picha hii. Ukaguruni, kwenye vituo kama Berega na Mamboya, walikuwapo wamisionari Waingereza wa Church Missionary Society chini ya utawala wa Kijerumani, yaani akina Sayer wa kweli. Wao hawakuachwa peke yao kando ya mto. Waliwekwa kizuizini, hatimaye Tabora, hadi mji huo ulipotekwa na Wabelgiji Septemba 1916. Kilosa ilikuwa imechukuliwa na majeshi ya Uingereza mwezi uliotangulia. Kila jeshi lililopita, liwe linasonga mbele au linarudi nyuma kuelekea Mahenge, lilichukua wapagazi, na makumi ya maelfu ya watu hao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu kabla ya vita kwisha.

Kwa kigezo hiki tunawarudia wahusika wawili bapa ambao wahakiki hawawataji kabisa: vibarua wawili Waafrika wa mashua ya Allnutt. Katika filamu wanaonekana mwanzoni tu. Katika riwaya wanatoroka mara wanaposikia habari za vita, na msimulizi anakuchukulia kutoroka huko kuwa usumbufu kwa bwana wao, ambaye sasa atalazimika kuchochea moto wa bomba mwenyewe. Msomaji wa Kilosa au wa Ulanga, ambaye ukoo wake una mtu aliyebebeshwa mzigo wa jeshi akapotea, ataisoma aya hiyo kwa namna nyingine. Katika kitabu chote hao wawili ndio waliofahamu mapema kuliko wengine vita hivyo vingewataka wafanye nini.