Masharti ya Tarakilishi Yasemwe kwa Kiswahili

Afisi nyingi siku hizi hazisakinishi programu za kazi katika kila tarakilishi. Karani hufungua kivinjari, akaandika nywila, akaanza shughuli zake. Sikatai kwamba utaratibu huu umepunguza usumbufu. Hata hivyo, wanaodai kuwa intaneti pekee yatosha wanatuuzia mbuzi guniani.

Kivinjari nacho hutegemea mfumo endeshi, yaani programu kuu ya tarakilishi. Mnamo Februari 2023, Google ilitoa Chrome 110, ambayo haiwezi kutumika katika Windows 7 wala 8.1. Programu ya kazi inapodai kivinjari kipya, tarakilishi kuukuu huwaka vyema, ila mlango wa kazi umefungwa. Je, lawama humwangukia nani? Humwangukia karani, akaambiwa hajui kazi.

Nikiwa mwanaisimu, naona kiini kingine cha tatizo hili, nacho ni lugha. Toleo la kivinjari linalohitajika, JavaScript iliyowashwa, vidakuzi vilivyoruhusiwa: masharti haya yote huandikwa kwa Kiingereza cha mafundi. Ilhali Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza.

Yafaa basi kila mwajiri, kabla ya kutia sahihi mkataba, adai masharti hayo kwa Kiswahili sanifu, kisha ayalinganishe na tarakilishi alizo nazo. Kumwadhibu mtu kwa ilani asiyoweza kuielewa si usimamizi, ni dhuluma.