Adui Aliye Chini ya Malisho

Mfugaji wa Ugogo aonapo majani ya malisho yakinyauka, husema, "Jua limezidi." Mara nyingi husema kweli, kwa kuwa mvua zetu hunyesha tangu Desemba hata Aprili, kisha ni ukavu. Lakini majani yakinyauka na udongo ungali na majimaji, yafaa kutazama chini.

Chukueni jembe, mchimbe kadiri ya inchi 6 mahali palipogeuka manjano. Huenda mkamkuta funza mweupe, mnene, mwenye kichwa cha rangi ya kahawia na miguu 6, amejikunja kama ndoana. Huyu ni mtoto wa mbawakawa. Mbawakawa hutoka ardhini mvua za kwanza zinyeshapo, huruka usiku, na jike hutaga mayai udongoni. Funza akiisha kuanguliwa hula mizizi, na kadiri akuavyo ndivyo ulafi wake uzidivyo.

Madhara yake ni haya. Mzizi ndio kinywa cha mmea. Ukikatwa, maji hayapandi hata yakiwa tele. Kwanza majani hulegea adhuhuri na kuinuka jioni. Baadaye hukauka mafungu mafungu. Ng'ombe akiyavuta, shina lote hung'oka, na mahali pale hubaki wazi, udongo ukachukuliwa na upepo na maji. Mtama na uwele hupatwa vivyo hivyo, na mabua ya kulisha mifugo wakati wa kiangazi hupungua.

Malisho yaliyolishwa kupita kiasi ndiyo yadhurikayo zaidi. Majani yaliyoliwa hata chini hayana nguvu za kuotesha mizizi mipya. Ng'ombe hula juu, funza hula chini, mmea utaponaje?

Basi fanyeni hivi. Kwanza, gawanyeni malisho, sehemu moja ipumzike wakati wa mvua ili mizizi ipate nguvu. Pili, limeni shamba la mtama mapema baada ya kuvuna, kabla udongo haujawa mgumu. Funza watafunuliwa, na kuku na ndege watawala. Tatu, samadi ioze vema kabla ya kutiwa shambani. Walakini msidhani kila funza ni adui: wengi wakaao ndani ya lundo la samadi hula vitu vilivyooza tu.

Tena, msinunue dawa kabla ya kuchimba na kumwona adui mwenyewe. Anayelilaumu jua peke yake humwachia funza malisho yake, na mwezi wa Oktoba ng'ombe zake hawatakuwa na cha kula.